Mfanyakazi Aliyeitwa Ndugu

Habari za kifo chake nilizipata kwenye simu, Jumatatu asubuhi, nikiwa ndani ya basi natoka mji wa Laurel, hapa Marekani. Kundi letu la wasapu la watu wa pwani lilikuwa limejaa. Picha yake akiwa na mtandio wa kijani, chini yake Inna lillahi, kisha rambirambi zikafuatana: alikuwa mpole, alikuwa mcheshi, alipenda watoto. Nilizisoma zote mpaka nikapitiliza kituo changu. Hakuna hata mmoja aliyeandika kitu ambacho marehemu alikitaka hapa duniani, na sote tulikijua, maana alikisema popote alipopata mtu wa kumsikiliza. Alitaka cheti cha sekondari. Basi. Nyumba hakuitaka, gari hakulitaka. Kule Tanga aliachishwa shule akiwa kidato cha pili ili aolewe, ndoa yenyewe ikavunjika, akaja Marekani, na jambo lile likamkaa rohoni mpaka mvi zikamwota.

Nyinyi mnaonisoma siku zote mnajua sina kawaida ya kupamba maiti, kwa hiyo niseme tu kwamba marehemu alikuwa na mdomo. Alifanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto, kwenye besmenti, ghorofa ya chini ya ardhi, ya nyumba moja hapo Laurel, mali ya mama mmoja wa Mombasa. Mjukuu wangu alilelewa pale, ndiyo maana nasema ninachokijua. Juu ya nyumba hiyo hiyo marehemu alipewa chumba cha kulala. Alikuwa anapokea watoto alfajiri, anawalisha, anawafundisha rangi na herufi, anawaamulia ugomvi wao kwa Kiswahili, nao wanamjibu kwa Kiingereza, na wote wanaelewana. Mwisho wa wiki alipewa mshahara wake mkononi. Sasa ndipo akasikia habari za shule ya watu wazima ambayo, ukiwa na kazi ya kulipwa inayohusiana na fani unayojifunza, kazi yenyewe inahesabiwa kuwa sehemu ya masomo. Yeye alichukua malezi ya watoto wadogo. Mwalimu anakuja kukuona kazini, mwajiri anathibitisha kwamba amekuajiri, na saa zako zinageuka kuwa krediti, yaani alama za masomo za kumalizia sekondari. Nilimkuta dukani Langley Park anachagua ndizi mbichi, akanishika mkono. "Dada, hebu nisikilize. Hii kazi ninayoifanya kila siku, wenzetu wanaihesabu kuwa somo. Nalipwa, na papo hapo nasoma. Nilikuwa wapi siku zote?" Uso wake ulikuwa umechangamka hata nikamwonea wivu.

Wanawake wenzake walimcheka, bila shaka. Tulikuwa kwenye harusi moja, tunamenya vitunguu vya pilau, mmoja akamwuliza kama sare ya shule ameshashona. Marehemu hakuinua hata macho. "Nimeshashona," akasema, "na imebaki kitambaa, nikukatie na wewe?" Tukacheka sana, na yule mwenzetu akahamia upande wa kachumbari.

Siku ya mwalimu kuja, mimi nilikuwa nimefika kumchukua mjukuu. Mwalimu alikuwa Mmarekani mweusi, mkazi wa Bladensburg, kijana mwenye adabu aliyejifunza Kiswahili chuoni. Alivua viatu mlangoni, akatuamkia shikamoo. Mwenye kituo nusura alie kwa furaha. Chai ya tangawizi ikaja, mahamri yakaja, mbaazi zikaja. Marehemu ndiye aliyekuwa akimimina. Mwalimu akauliza, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Mama huyu ni mfanyakazi wako?"

Mwenye kituo akaweka kikombe chini. "Mfanyakazi? Astaghfirullah, mwanangu. Huyu ni mdogo wangu. Hapa hakuna bosi wala mfanyakazi, hapa ni nyumbani. Anatusaidia tu."

Kijana alidhani amesikia vibaya. Akauliza tena kama mama huyu ameajiriwa pale. "Umwajiri ndugu yako?" akajibiwa. "Sisi hatuna mambo hayo. Kula mahamri, yanapoa." Nikamtazama marehemu. Na nyinyi mnaojua adabu zetu mnajua kwa nini alinyamaza. Aseme nini? Mbele ya mgeni, ndani ya nyumba anamolala, amwambie mkubwa wake kwamba hapana, wewe si dada yangu, mimi umeniajiri? Aliendelea kumimina chai. Nami nilipofungua mdomo kusema, alinikanya kwa jicho. Mwalimu akashukuru, akavaa viatu, akaenda zake na jibu alilopewa.

Saa za ndugu anayesaidia nyumbani hazihesabiwi. Marehemu alikwenda kwa mwenye kituo wiki hiyo hiyo, akamwomba kwa upole apige simu shuleni aseme kwamba amemwajiri. Mwenye kituo akanuna. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unanihesabu tajiri wako," akamwambia, na simu hakupiga. Nilipandwa na hasira, nikamwambia marehemu nitakwenda kusema naye mwenyewe. Akanikatalia. "Ukenda, dada, mimi nitalala wapi?" Ikabidi aanze njia ile ndefu, madarasa ya jioni, somo moja moja, baada ya kushinda siku nzima ameinamia watoto. Alikuwa anasinzia darasani. Mwaka huu figo zikamshinda, na masomo hajayamaliza.

Nimejiuliza mara nyingi kama yule mama wa Mombasa alifanya makusudi. Kweli alikuwa anampenda. Nguo za Idi alimnunulia, uji alimpikia alipougua mafua. Lakini pia alijua vizuri kwamba mfanyakazi ana saa zake, ana likizo yake, akiugua ana haki ya kupumzika, na akipata cheti anaweza kuondoka akafungua kituo chake. Ndugu hana hata kimoja kati ya hivyo. Tumekuja na desturi hii kutoka kwetu, ya kumwita binti wa kazi mtoto wa nyumbani, na tunajiona watu wa huruma kuliko hao Wazungu wanaoandikiana mikataba. Huruma gani inayomnyima mtu jina la kazi anayoifanya? Mtoto wa nyumbani huyo hamli naye meza moja wageni wakija. Yeye yuko jikoni.

Nawaambia lililonifanya niandike safu hii badala ya nyingine niliyokuwa nimeitayarisha. Jumatatu ile ile, niliposhuka kwenye basi, nilikwenda hospitali nikamkuta mwenye kituo. Akaja ofisa mmoja, binti mpole, akauliza nani hapa ni ndugu wa marehemu, maana kuna mambo ya maiti ya kuamuliwa na gharama za kubebwa. Nilimgeukia mwenye kituo. Alikuwa analia, machozi ya kweli, siwezi kumsingizia. Akayafuta kwa ncha ya buibui, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba yeye si ndugu. Marehemu alikuwa mfanyakazi wake.

Neno lile lile. Lingesemwa mbele ya yule kijana wa Bladensburg, pamoja na chai na mahamri, mwanamke huyu angekufa na cheti chake. Lilikuwepo mdomoni siku zote, likatoka pale lilipokuwa halina faida tena kwa marehemu mwenyewe. Watu wa msikiti ndio waliomzika, Mungu awalipe.

Basi nanyi wenye vituo, wenye saluni, wenye majiko ya kupikia harusi, mnao watu kama yeye. Kesho akija mtu kuuliza huyu ni nani, msimwambie ni mdogo wenu. Semeni kazi anayoifanya, semeni mmemwajiri nyinyi, na kwamba kazi anaijua. Kumpenda mtampenda baadaye, akiwa na cheti chake ukutani, na akitaka mwenyewe kubaki.