Chumba cha Sinema cha Zvonko

Zvonko Marušić alichimba chumba cha sinema kwa miaka mitatu, peke yake, na hakumwambia mtu ni chumba cha nini. Coober Pedy, mji wa wachimbaji katikati ya Australia, hakuna anayeshangaa kuona malori ya kifusi yakitoka nyumbani kwa mtu. Nusu ya mji inaishi ndani ya mwamba kwa kukimbia jua, na kila mwenye nyumba amewahi kupanua jiko akisema anataka kabati, kumbe anatafuta opali, mawe ya thamani yaliyojaa ardhini humo. Zvonko naye aliwaambia watu anaongeza stoo.

Aliyejua ukweli ni Voula tu, mjane wa Kigiriki mwenye mgahawa karibu na kituo cha mafuta, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimletea chakula na kumkuta amekaa juu ya ndoo, mweupe kwa vumbi, akikohoa.

"Stoo gani hii yenye sakafu ya kuteremka?" Voula alimuuliza siku moja.

"Ili wa nyuma waone," Zvonko akajibu, kisha akajiona mjinga.

Voula akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Wa nyuma! Mzee, wewe hata wa mbele huna."

Ilikuwa kweli. Mkewe, Marica, aliondoka mwaka themanini na tano akaenda jiji la Adelaide na binti yao wa pekee, Neda, aliyekuwa na miaka kumi. Hapakuwa na ugomvi wa kutukanana. Marica alisema amechoka na vumbi, akafunga mizigo. Miaka ya kwanza Neda alikuwa akiandika barua, kisha kadi, kisha ikawa simu za Krismasi. Marica alipofariki, baba na binti walikutana makaburini, wakasimama pamoja kama watu wanaongoja basi moja, wakaagana.

Zvonko hakuwa mtu wa kunung'unika. Alikuwa na hadithi moja tu aliyoishi nayo, na Voula alikuwa ameisikia mpaka angeweza kuisimulia mwenyewe. Ni ya siku aliyotoa jiwe lake kubwa kuliko yote, jekundu na kijani, la ukubwa wa kiganja. Marica alikuwa amelazwa hospitali Adelaide. Neda, wa miaka tisa, alibaki nyumbani anatazama kanda ya filamu ya farasi mweupe, na bakuli la bisi mapajani. Alikuwa akipenda farasi kama watoto wengine wanavyopenda peremende. "Nikamwambia narudi sasa hivi," Zvonko alikuwa akisimulia. "Nikaenda mgodini, nikapiga sururu mara mbili tu, jiwe hilo! Nikarudi asubuhi, nikamkuta amelala mlangoni, ananingoja. Siku nzuri kuliko zote nilizopewa." Pesa za jiwe lenyewe zilikwisha kwenye mashine mbovu na kwenye pombe, lakini siku ile ilibaki.

Mwezi wa kumi, mwaka ambao Zvonko alitimiza miaka sabini na mbili, Neda alipiga simu. Alikuwa nesi, amepata kazi Darwin, kaskazini kabisa, anahamia huko kwa gari.

"Nitapita hapo Jumamosi ya tarehe kumi na mbili mwezi ujao," alisema. "Nitalala usiku mmoja."

"Usiku mmoja unatosha," Zvonko alisema.

Alikuwa na wiki nne. Alichukua karatasi akaandika juu kabisa: FARASI. Alitaka usiku wenyewe uwe wa farasi mwanzo hadi mwisho: filamu, vyakula, vinywaji, mpaka vyombo. Kanda ya farasi mweupe alikuwa ameshaipata, baada ya kuitafuta miaka minane, kwa mama mmoja wa Port Augusta aliyekuwa anauza vitu vya marehemu mumewe. Projekta ya kuichezea aliitengeneza mwenyewe kutokana na mashine tatu zilizokufa. Kwenye ranchi ya ng'ombe iliyo upande wa kaskazini aliazima matandiko mawili ya farasi na marobota sita ya nyasi kavu ya kukalia. Alinunua kofia za pama tatu: yake, ya Neda na ya Voula.

"Mimi sivai hiyo," Voula alisema. "Nitaonekana kama uyoga."

"Utavaa. Ukija bila kofia huingii."

"Zvonko, nisikilize. Ana miaka arobaini na moja. Si mtoto wa miaka tisa."

"Mtu akipenda farasi, kapenda."

Voula akauliza maharage yatakuwa ya kiasi gani.

Maharage yalipikwa kwa mbavu za nguruwe zilizokaushwa kwa moshi, sufuria ambayo ingelisha wachimbaji ishirini. Kulikuwa na soseji nyembamba za kwao Kroatia, alizosaga na kusokota kwa mikono yake, mkate wa mahindi, pilipili hoho za kuchoma, na ndoo nzima ya bisi. Kila kitu kingeliwa kwenye sahani za bati. Vinywaji alivipanga ndani ya karai la kunyweshea farasi, lililojaa barafu: bia, maji ya ndimu, na sharubati nyekundu ya matunda kwenye chupa za jamu, ile aliyokuwa akiinywa Neda mpaka mdomo ukabaki na rangi. Na konyagi ya plamu, chupa moja, kwa baadaye, watu wakishaanza kuongea.

"Mwanao anakuja kulala usiku mmoja," Voula alisema alipoona meza, "wewe umepika kama unamwoza."

"Harusi yake sikuitwa," Zvonko alisema. Hakuwa anatania, na Voula hakucheka.

Jumamosi hiyo joto lilifika nyuzi arobaini na nne. Saa tisa alasiri gari dogo la buluu likasimama mbele ya nyumba, limesheheni maboksi mpaka dirishani. Neda alishuka. Alikuwa na nywele fupi zenye mvi, na mabega ya mama yake. Akamkumbatia kwa mkono mmoja.

"Habari yako, Zvonko."

Alimwita kwa jina, kama mtu wa benki. Zvonko akasema, "Njoo ndani, mwanangu, utaungua. Ndani baridi safi, wala sihitaji feni."

Voula alikuwa mlangoni, kofia kichwani kweli. Alimpa Neda mkono, akasema baba yake hajalala siku tatu kwa ajili yake, kisha akaingia kuwasha taa za chumba. Kutoka mlangoni uliweza kuona ule ukumbi mwembamba unaoingia ndani ya mlima, kuta zake nyekundu zenye michirizi ya mashine, na huko mwisho mwanga wa njano na kona ya robota la nyasi.

Neda alisimama kizingitini. "Hapa panatosha," alisema.

"Panatosha nini? Nina jambo nataka kukuonyesha."

Akaingia. Alipiga hatua tatu, nne, mkono wake ukigusa ukuta. Kwenye hatua ya tano alisimama. Zvonko aliyekuwa mbele aligeuka akamwona uso umelowa jasho, mahali ambapo hapakuwa na joto. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia. Kisha akageuka, akatoka mbio, akajigonga bega kwenye fremu ya mlango, na Zvonko alipofika nje alimkuta ameingia garini, milango imefungwa, injini inanguruma, na uso wake ameuweka kwenye upepo wa kiyoyozi.

Aligonga kioo. Neda akakishusha kidogo.

"Unaumwa?"

"Hapana. Siwezi kuingia. Nilidhani nitaweza. Nimejizoeza, nimepanda lifti mwezi mzima. Siwezi."

"Kwani kuna nini mle? Umezaliwa mle!"

Neda alimtazama kichwani. Zvonko alikuwa amesahau kuvua ile kofia.

"Hujui kweli," alisema. Halikuwa swali.

"Sijui nini?"

"Siku uliyopata lile jiwe. Uliniacha saa kumi jioni, ukasema unarudi sasa hivi. Hukuweka dizeli kwenye jenereta. Filamu ilikuwa haijafika hata katikati, kila kitu kikazima."

Zvonko alibaki ameshika ukingo wa kioo. Kioo kilikuwa cha moto, lakini hakuondoa mkono.

"Mle ndani giza si kama giza la nje," Neda aliendelea kwa sauti ile ile, sauti ya nesi anayetoa maelezo. "Sikuona mkono wangu. Nilitambaa nikitafuta mlango, nikaingia chumba cha nyuma, kile chenye shimo la hewa, nikawa nazunguka humo humo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakata. Nilijua mgodi umekuangukia. Nilijua mama atakufa hospitali, na hakuna mtu anayejua kwamba mimi nipo. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoupata mlango. Ulikuwa umeufunga kwa nje."

"Kwa ajili ya walevi," Zvonko alisema. "Kulikuwa na walevi."

"Najua. Nikalala hapo hapo. Ukaja asubuhi unanuka pombe, unaimba, ukaninyanyua juu ukaniwekea jiwe mkononi."

"Hukusema."

"Ulikuwa umefurahi sana," Neda alisema. "Nilimwambia mama. Ilichukua miezi, lakini nilimwambia."

Basi ndivyo Zvonko Marušić alivyojua kwa nini mkewe aliondoka, akiwa amesimama juani. Miaka thelathini na moja alikuwa akilaumu vumbi.

Akakimbia ndani. Voula alimkuta anang'oa ukutani shuka jeupe la kuonyeshea filamu, misumari inaruka. "Tutatazama nje," alisema. "Nisaidie, tutoe projekta, tutafunga shuka kwenye lori." Wakabeba waya, wakabeba marobota mawili, wakafunga shuka kwenye ubavu wa lori, na Zvonko akawasha. Kwa kuwa palikuwa na jua kali, shuka lilibaki jeupe tupu. Ilisikika sauti tu: kwato, kisha muziki.

Neda aliisikia. Alishuka garini, akaenda moja kwa moja akachomoa waya.

"Acha, baba," alisema. Alikuwa amemwita baba, na Zvonko alilisikia neno hilo, lakini lilivyosemwa lilikuwa kama mtu anayemzuia mgonjwa asiinuke kitandani. "Sijaja kugombana. Sijaja kusamehe pia, wala hakuna cha kusamehe, ulisahau dizeli, watu husahau. Nilitaka tu kuona kama naweza kuingia. Siwezi, basi."

"Nitajenga ya juu. Nyumba ya mbao, yenye madirisha. Nikianza Jumatatu..."

"Usijenge."

Neda alikwenda kulala kwenye kambi ya karavani, zile nyumba za magurudumu, ukingoni mwa mji, mahali penye madirisha. Zvonko alimpelekea maharage na soseji kwenye sahani ya bati iliyofunikwa kwa kitambaa, na chupa moja ya sharubati. Walikaa kwenye viti vya plastiki. Neda alikula soseji nusu, akaisifu, akauliza kuhusu kikohozi chake. Alimwekea sikio mgongoni, akamwambia avute pumzi, akamwambia aende kupigwa picha ya mapafu na asingoje. Waliongelea barabara ya Darwin, mahali pa kujaza mafuta. Sharubati hakuifungua. Akasema hanywi sukari siku hizi.

Walikubaliana wanywe chai kwa Voula saa moja asubuhi. Saa moja Zvonko alikuwa mezani, ameshanyoa, shati limepigwa pasi. Saa mbili Voula alimpigia mwenye kambi. Gari la buluu lilikuwa limeondoka saa kumi na moja, kabla jua halijawaka.

"Amekimbia joto," Voula alisema. "Mtu mwenye akili husafiri alfajiri."

"Ndiyo," Zvonko alisema.

Chakula kililiwa na mji wote. Voula alikigawa kwenye vibakuli siku mbili nzima, akisema ni ofa ya mgahawa. Alimshauri Zvonko akifungue kile chumba kwa watu, waoneshe filamu kila Ijumaa, hata watalii wangekuja. Zvonko alisema sawa, atafikiria, na akakiacha. Marobota na matandiko hakuyarudisha mpaka mwenye ranchi alipokuja mwenyewe kuyachukua.

Picha ya mapafu alipigwa mwezi wa pili. Daktari wa zahanati alionyesha mahali palipokuwa peupe, akasema ni vumbi la mawe la miaka mingi, na kwamba lililoingia halitoki. Zvonko aliuliza maswali mawili, akashukuru.

Jumapili jioni humpigia Neda. Mara nyingine Neda hupokea, wakazungumzia hali ya hewa kwa dakika tatu: Darwin mvua, huku jua. Mara nyingi simu hulia mpaka ikakatika yenyewe. Zvonko haachi ujumbe. Jioni moja Voula alikuwa akifunga mgahawa, akamwona bado ameketi pale mezani, simu imelala kifudifudi karibu na kikombe.

"Twende nikupeleke nyumbani, mzee," alisema. "Utamwambia nini hata akipokea?"

"Sijui," Zvonko alisema. "Nimewaza maneno yote. Hakuna hata moja linalofaa."

Voula akazima taa za mbele, akaacha moja ya jikoni, akaanza kupanga viti juu ya meza. Zvonko alimsaidia vile alivyoweza, akipumzika kila baada ya viti viwili.