Kilo Ishirini na Tatu za Mbuzi

Ndunge aliimba sauti ya kwanza kanisani, hakuchelewa kazini, na hakuchukua cha mtu. Dhambi yake ilikuwa moja tu: alinakili.

Yeye na Wesonga walitengeneza tovuti ya kuagiza nyama katika chumba cha kukodi Donholm. Wesonga alishika upande wa nyuma, ulio kwenye seva, unaohifadhi maagizo. Ndunge alishika upande wa mbele, unaoonekana kwenye simu. Pande zote mbili zilihitaji maelezo yaleyale: agizo lina nini ndani, jina ni maandishi, uzito ni nambari. Wesonga aliyaandika kwake. Ndunge akayanakili kwake kwa mkono, kama mtoto anayechungulia daftari la jirani, kisha akajiaminisha kwamba yatabaki sawa milele.

"Wesonga, tuweke faili moja tuitumie sote," aliwahi kumwomba.

"Zii. Kila mtu na sufuria yake. Nikikukaribisha kwangu, kesho utaniambia chumvi imezidi."

Ndunge akacheka, yakaishia hapo. Uvivu hauji ukipiga miayo. Mara nyingi huja ukichekesha.

Mteja wao alikuwa mmoja, Dishon, mwenye bucha Soko la Burma. Akiwaacha huyo, wamebaki na tovuti ya kuonyesha mashemeji. Na Dishon alichukia nukta. "Mimi siuzi sifuri nukta tano," alimwambia Wesonga. "Nauza nusu." Basi Wesonga, kwa wema ambao hakuuzoea, akabadilisha uzito kutoka nambari ukawa maandishi, ili neno "nusu" lipate pa kukaa. Hakumwambia Ndunge. Alienda kula chapati.

Ijumaa, akina mama wawili wa kanisa la Ndunge wakaagiza mbuzi kwa pamoja, mmoja kilo mbili, mwenzake kilo tatu. Ukurasa wa Ndunge, ukidhani bado unapokea nambari, ukajumlisha. Lakini kompyuta ikipewa maandishi haijumlishi, inaunganisha. Mbili ikabandikwa kando ya tatu. Kwenye kioo cha buchani ikatokea: kilo ishirini na tatu. Dishon akakatakata mbuzi mzima, kisha akachukua wa pili kwa jirani, naye akamkatakata.

"Madam," alimwambia Ndunge alipofika mbio na Wesonga, "kanisa lenu linalisha jeshi la Farao? Wale mama wamebeba kilo tano, wakanicheka, wakaniachia mlima."

"Pole sana, boss."

"Kwangu inafanya kazi," Wesonga akajitetea.

"Hata choo changu kinafanya kazi, lakini siuzii nyama ndani. Jioni nakuja kupima hii kitu yenu. Ikibaki ovyo, narudi kwa simu na kalamu."

Walirudi Donholm. Wesonga ndiye aliyeanza. "Sawa. Faili iwe moja. Lakini ikae kwangu."

"Haikai kwako, haikai kwangu. Inakaa katikati, na kila upande unasoma pale."

Wakafuta nakala zote. Uzito ukarudi kuwa nambari, gramu tupu, na "nusu" ikawa namna ya kumwonyesha Dishon tu. Hapo kompyuta, ikilinganisha kila upande na faili ile, ikaanza kulalamika kwa rangi nyekundu, na malalamiko mengi yalikuwa upande wa Ndunge: hapa alinakili vibaya, pale alinakili kitu ambacho Wesonga alishakifuta zamani.

"Maze, na ulikuwa unanihubiria!" Wesonga akashangilia.

Ndunge akainamia kompyuta. Alirekebisha kimoja kimoja, uso ukimchoma. Naye Wesonga, kwa mazoea, akabadilisha jina la kitu kimoja kwenye faili kimyakimya. Upande wa Ndunge ukagoma papo hapo.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa..." Akatazama kioo chekundu. "Sasa mtu hawezi hata kukosa kwa siri?"

"Hawezi."

Jioni Dishon alikuja akinuka moshi wa nyama. Akaagiza kwa simu yake: mbili na tatu. Ikatoka tano. Kisha nusu na robo. Akasoma jibu kwa sauti, "Nusu na robo," akakuna kidevu.

"Kesho Jumamosi, wateja ni wengi," alisema. "Iacheni iwake. Lakini mkikosana tena nyinyi wawili, kosaneni hapa Donholm. Msikosane kwa mbuzi wangu."