Hewa ya Handaki Chini ya Kaburi

Wadogo zangu wa Bashay, mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba. Sijafikia umri wa kutoa nasaha, na kusema mbele za watu naona aibu, ndiyo maana naandika.

Kuna siku haijanitoka kichwani. Nilikuwa kibarua kwenye handaki la barabara, huku Hanang. Mhandisi wa hewa, dada Paskalina, mzaliwa wa Nambis, milimani kwetu, alituagiza tupigilie vigingi juu ya kilima, litobolewe shimo la kutolea moshi wa magari. Akatokea Mzee Gidahoda, mfugaji wa Kibarbaig.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ninyi wa milimani mmekosa pa kuchimba? Huyo mnayetaka kumtoboa kichwa ni baba yangu."

Kumbe tulikuwa kando ya tuta la kaburi la baba yake. Kwa Wabarbaig, mzee aliyezikwa kwa heshima ya kujengewa tuta haguswi. Dada Paskalina aling'oa vigingi kwa mikono yake, akaomba radhi.

Bosi wetu wa ujenzi alifoka. Sehemu nyingine zote za kilima zilikuwa udongo unaobomoka. "Haya, tafuta njia yako," alimwambia dada. "Lakini moshi ukikwama siku ya majaribio, tunatoboa palepale!"

Dada akachora upya, feni zisukume moshi utokee mdomoni mwa handaki bila shimo la juu. Paa la handaki lilikuwa chini, feni kubwa zingegongwa na malori. Akaweka ndogo, mbilimbili, kwenye kona za juu, zinazoweza kugeuzwa kufuata upepo wa bondeni.

Siku ya majaribio tulichoma nyasi mbichi ndani. Mzee alisimama mdomo wa pili wa handaki, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Moshi ulijikunja, ukasita. Kisha ukaanza kutembea, ukatoka wote, ukamfunika mzee mzima.

"We binti!" alikohoa. "Unataka kunikausha kama nyama?"

"Si ulikataa usipite juu, mzee?"

Tulicheka hadi bosi akacheka. Mzee akamtemea dada mate ya baraka viganjani. Mpaka leo nikipita pale najivuna.

Basi wadogo zangu, mkifanya kazi kwenye ardhi ya watu, ulizeni kwanza nani amelala pale. Mkikatazwa, msinune wala msilazimishe. Rudini mkachore tena.

Mungu awape vifua vizima na akili iliyotulia. Niandikieni, mniambie ninyi mngefanyaje.