Safari ya Kumleta Mjomba, na Amri ya Watu Watano

Wasomaji, nivumilieni. Mwandiko wangu mbaya na herufi nazikosea. Niliishia shule ya msingi, na naandika polepole.

Nilitumwa Ujiji kumleta mjomba Yohana. Dada yangu Stefania alikuwa anaposwa, na nyumbani kwetu posa haipokelewi bila kaka wa mama. Wageni wa posa walisema wasipomkuta mjomba Jumamosi jioni, wataposa kwingine.

Kutoka kwetu, upande wa Kasulu, nilipanda lori la mawese hadi Kigoma, nikaenda Ujiji kwa miguu. Mjomba alikuwa anaanika dagaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ngoja nivae viatu. Mjomba hapokei posa pekupeku."

Jumamosi asubuhi tulifika Kidahwe kwa lori lile lile. Kwenye kizuizi cha barabara tukateremshwa: dereva, mjomba, mimi, na mama mmoja Mrundi aliyekuwa anarudi kambi ya wakimbizi na kibali chake cha hospitali. Burundi kuna vita, na kwetu ilitoka amri kwamba kando ya barabara wasisimame pamoja watu zaidi ya watano. Askari alipokuja kutukagua, tukawa watano.

Hapo akapita mzee mwenye mkungu wa ndizi. Mjomba akainama, akapiga makofi taratibu.

"Mwakeye, mzee!"

Mzee akatua mkungu, naye akapiga makofi. Salamu ya Waha haikatwi. Wakaulizana watoto, mashamba, mbuzi mmoja mmoja.

Mkuu wa kizuizi akachungulia, akahesabu. "Sita! Wote ndani!"

"Afande, hata mimi?" askari akauliza.

"Nimesema sita."

Tukafungiwa chumbani. Afande akasimama nje dirishani, maana akiingia tungekuwa saba.

"Kosa letu nini?" mjomba akauliza.

"Usalama wa taifa. Ni siri."

"Sasa nitajiteteaje?"

"Ukijitetea, ina maana unaijua siri."

Yule mama akacheka. "Karibuni, ndugu zangu. Sisi wa kambini tumezoea."

Mimi nilitazama jua tu, nikimwaza Stefania.

Mjomba akasema, "Kama kosa ni kuzidi watano, mtoe mmoja."

Afande akafikiri sana, akamtoa askari, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kutulinda.

"Sasa tuko watano," mjomba akasema. "Tunashikiliwa kwa nini?"

Askari ndiye aliyejibu: "Afande, nilipokuwa ndani niliogopa, na kosa sikulijua. Niwafungulie?"

"Watoke mmoja mmoja. Na wasisalimiane!"

Mjomba akatoka mikono nyuma, kaishikilia kwa nguvu.

Jioni tulifika nyumbani, wageni wamekwisha kusimama kuaga. Habari za amri zikawatisha wazee. Wakakaa watano ndani, na sisi wengine tukatawanyika uani. Stefania alikubali posa kupitia dirisha.

Nilichojifunza ni kwamba mtu asiyeambiwa kosa lake hawezi hata kuliombea radhi. Amri ile sijaiona imeandikwa popote. Aliyeiona aniandikie, hata kwa mwandiko kama wangu, aniambie kama bado ipo. Harusi inakaribia, na mjomba anataka kusalimia wageni.