Kocha Tauno na Mkate wa Iliki

Kocha Tauno hakujua kukaa kitako. Mimi ndiye ninayenoa vyuma vya viatu vya kutelezea katika klabu yetu ya hoki ya barafuni, nimeshaona makocha tisa wakija na kuondoka, lakini huyu alinichosha macho. Mechi nzima alikuwa akienda na kurudi nyuma ya benchi, anatafuna vijiti vya meno. Hata kahawa aliinywa akitembea.

Alikuwa ameshafundisha timu saba kwa miaka kumi na minne. Siku aliyohamia kwetu nilimsaidia kubeba masanduku ya mbao, na nusu yake yalikuwa hayajafunguliwa tangu mji uliopita. Binti yake Vilja alikuwa ameshasoma shule sita. Mbele yangu Tauno alimwahidi kwamba hii ya saba ataimaliza hapa hapa, avae kofia nyeupe ya kuhitimu na baba akimtazama. Ilibaki miezi mitatu tu ahitimu.

Basi tukaanza kufungwa mfululizo. Mechi ya tisa tulikuwa nyuma kwa bao moja, zimebaki dakika sita. Makocha humtoa kipa mwishoni kabisa ili waongeze mshambuliaji. Tauno akamtoa pale pale.

"Kocha, bado mapema," nikamwambia. "Tulia kidogo."

"Nikitulia nitakufa," akajibu.

Tukafungwa mawili, golini hamna mtu.

Asubuhi mwenyekiti wa klabu akaja na mkate mtamu wa iliki. Klabuni kwetu kahawa hunywewa kavu. Mkate ule huokwa kwa ajili ya kocha anayefukuzwa tu. Tauno aliutazama, akala vipande viwili amesimama. Nilimwonea huruma.

Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshapata timu nyingine nje ya nchi, Sweden. Tukaenda kwake na gari langu kuchukua masanduku. Hatukukuta hata moja.

"Yako wapi?" akauliza.

"Mimi na mama tumeyachoma kwenye jiko la kuni la sauna, baba," Vilja akasema. "Nguo zako mama amezitia kwenye begi."

"Na zenu?"

"Zetu ziko kabatini. Sisi hatuendi."

Tauno akavuta kiti cha jikoni, akakaa. Nilifurahi, nikadhani amekata shauri kubaki. Kisha mguu wake ukaanza kutikisika chini ya meza. Vilja akautazama kidogo, akaenda kumletea begi.