Kisiki cha Nyumbani

Mvua zilipokolea huku juu ya Lukozi, shangazi yangu, dada yake baba ambaye naishi naye, alirudi kutoka msituni na kikapu cha uyoga mdogo wa rangi ya asali. Huuchuma kwenye kisiki kilekile tangu akiwa msichana. Kwetu uyoga hautambuliwi kwa sura. Mama humwonyesha binti yake kisiki cha nyumbani, na chochote kilichoota pale huliwa.

Hilo ndilo linalonitia hasira. Kisiki hakichagui kinachoota juu yake. Nimejifunza uyoga peke yangu, kwa simu, nikiumiza macho, na najua upo mwingine wa kahawia unaoota kwenye mti uleule, wenye pete ileile shingoni, unaoharibu ini hadi mtu afe. Hutofautishwa kwa unga unaodondoka chini ya kofia: wetu huacha weupe, ule huacha rangi ya kutu. Ila unga unataka kusubiriwa mpaka asubuhi.

Nilikata kofia chache, nikazipanga juu ya karatasi nyeusi, nikazifunika kwa bakuli. Nikamwomba asipike kwanza.

"Nisubiri karatasi?" alisema huku akikata kitunguu. "Huu nimeula baba yako hajaoa."

"Kesho tu, shangazi."

"Wewe hata mlango ukishaufunga unarudi kuutikisa. Mume gani atakuvumilia?"

Kuhusu mlango ni kweli. Mimi ni mwoga, nakagua kila kitu hadi najichosha. Lakini alipoepua sufuria na kuanza kupakua, niliichukua, nikatoka nayo, nikamwaga yote kwenye shimo la taka. Chakula hakimwagwi mbele ya aliyekipika, najua. Hakufoka. Alikula ugali wake kwa chumvi, akinipa mgongo.

Asubuhi nilifunua bakuli. Karatasi ilijaa weupe, isipokuwa duara moja la kutu pembeni.

Nilimfuata uani. "Shikamoo, shangazi. Hili limetoka kwenye kikapu chako."

Aliitazama karatasi. Alikwenda kumwaga uyoga uliobaki kikapuni, akakiosha kikapu kwa maji ya moto, akakianika juani. Akaingia ndani. Halafu akatoka, akakichukua, akaanza kukiosha tena.

Maji yalikuwa yakimwishia, na mimi bado nilikuwa na hasira ya jana kiasi kwamba sikumwongezea.