Rozari katika Kanisa Lisilo na Paa

Walisema sitaweza. Mjomba alisema kutembeza wageni ni kazi ya waliozaliwa Ndia Kuu, mji wa kale, si ya mtoto wa kuli wa bandarini Mbaraki. Binamu yangu akadakia, "Huyu atawaongoza wageni, au wageni watamwongoza yeye?" Baraza zima likacheka. Hata hivyo walinikopesha karo, wao na shangazi, na niliporudi kutoka kibarua Maskati nikasoma diploma ya utalii. Naitaja bila haya. Ukoo wetu hauna nyingine.

Kundi langu la kwanza lilikuwa la kina mama wa jumuiya moja ya Kikatoliki kutoka bara. Niliwapokea kwenye mabasi ya Mwembe Tayari. Tungeanza na kanisa dogo la Wareno ndani ya ngome, kisha bustani ya kanisa la mjini, ambayo hufungwa saa sita. Mwenyekiti wao aliahidi kwamba wakiridhika, ataniletea jumuiya zote za parokia. Bila hizo nisingemaliza madeni.

Kanisa lile la ngomeni limebaki msingi tu. Nilieleza vizuri sana, nasema kweli. Nilipogeuka, wote wamepiga magoti juu ya kokoto katika jua la saa tano, rozari mikononi. Kabla ya kila fumbo walitaja marehemu wao, mmoja mmoja. Kufika fumbo la tatu, nikashindwa kuvumilia.

"Kina mama, bustani itafungwa."

Mwenyekiti hakufumbua macho. "Rozari haikatwi katikati, baba. Hebu piga magoti nawe. Una marehemu tukutajie?"

"Mama yangu."

Alifariki nikiwa Maskati, sikumzika. Wakamwombea fumbo zima. Nilihisi kokoto magotini, basi. Nilingoja kitu kingine kije. Hakikuja.

Bustani tuliikuta na kufuli. Nikaanza kuomba radhi, mwenyekiti akanikatiza.

"Maua hata kwetu yapo. Aliyetutembeza mwaka jana alitufukuza na sala midomoni, wewe ulitungoja. Ila unaongea, baba! Hadi mawe yalichoka."

Wenzake wakacheka. Jumuiya zote alizileta kweli.

Mwaka uliofuata nililipa kila mkopeshaji, wote siku moja. Binamu alizihesabu noti zake hadi ya mwisho. Mjomba alinipa mkono mara mbili. Shangazi alilia begani kwangu. Nilisimama tu, mikono imening'inia, nikingoja amalize.